Radi Alipoacha Kuitikia Amina

Mimi nimepigwa shoti na umeme mara nyingi kuliko nilivyochapwa na wazazi, na wazazi wangu hawakuwa watu wa mchezo. Kazi yangu ni mitambo ya sauti: spika, nyaya, vipaza sauti, na ile meza yenye vitufe vingi ambayo watu wanaogopa kuigusa wakidhani italipuka. Kwa hiyo si mtu wa kushtuka ovyo. Lakini ile Jumapili nilishtuka, na mpaka leo nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Niwaeleze kwanza huyu Radi ni nani, maana vijana wa siku hizi hawamjui, na kutojulikana ndiko kulikokuwa kunammaliza. Zamani alikuwa na bendi ya muziki wa roki. Gitaa lake lilikuwa linalia mpaka mabati yanatetemeka, ndiyo maana wakampa jina hilo. Picha zake zilibandikwa kwenye kuta za vinyozi. Kaka yangu, wa tumbo moja na mimi, ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wake, na mimi walinibebesha nyaya zao tangu nikiwa binti mdogo, huko ndiko nilikojifunzia kazi. Kisha ikatokea ajali, bendi ikafa, miziki ikabadilika, na Radi akabaki mzee wa nywele ndefu anayepiga gitaa kwenye baa ambazo watu wanamfokea apunguze sauti waangalie mpira.

Hiyo ajali ilitokea alfajiri, Radi na kaka yangu wakirudi kutoka kwenye onyesho, wawili tu ndani ya gari. Walimgonga mlinzi wa ghala aliyekuwa anarudi nyumbani kwa baiskeli, gari likapinduka. Mlinzi alifia pale pale, na kaka yangu vilevile. Radi alitoka na mkono uliovunjika. Polisi walipomuuliza nani alikuwa kwenye usukani, alisema ni kaka yangu, tena alikuwa amelewa.

Nilibisha siku ile ile. Bendi ile ilikuwa na sheria yake: mpiga ngoma haendeshi gari baada ya onyesho. Vidole vinakuwa vimekakamaa, hata kifungo cha shati hawezi kukifunga. Kaka yangu alikuwa akishuka jukwaani ananipa mimi nimfungulie chupa ya maji. Nilimweleza afisa wa polisi, akanisikiliza huku anachokonoa meno. Nikamweleza Mama, akasema, "Mwanangu, usitafute pa kuutua huu mzigo. Ni wetu." Basi nikanyamaza, na mwisho nikaamini kama watu wengine. Sheria huvunjwa, na walevi huzivunja zaidi.

Mama alikwenda kwa mjane wa yule mlinzi kuomba msamaha kwa ajili ya mwanawe. Alifungiwa mlango. Ni jirani zetu, nyumba yao iko mtaa wa nyuma tu. Tangu hapo Mama akimwona yule mjane kwa mbali, anavuka barabara. Wakikutana sokoni, anazunguka. Mtu mzima, magoti mabovu, anazunguka soko zima kukwepa macho ya mtu mmoja. Hebu niambieni nani angeona hivyo asishikwe na hasira.

Halafu Mama huyo huyo ndiye aliyemwokota Radi. Alimkuta ameketi nje ya zahanati, homa imempiga, hata viatu hana, akaja naye nyumbani wakiwa wameshikana mikono. Nilifoka. Nikamwambia, "Mama, hapa si gereji ya magari mabovu." Akanijibu, "Huyu ndiye mtu wa mwisho kumwona ndugu yako akiwa hai. Atakaa."

Akakaa, tena kwenye chumba cha kaka yangu. Akala, akanenepa, akanyoa ndevu. Akaanza kumfuata Mama kanisani, mwanzoni nadhani kwa ajili ya chai inayotolewa baada ya ibada, baadaye sijui kwa ajili ya nini. Akawa anabubujikwa na machozi kwenye nyimbo. Pombe akaiacha kabisa, na hilo nililichunguza mwenyewe: nilinusa vikombe vyake, nikapekua chini ya godoro. Hamna kitu. Nikazidi kukereka.

Mama husali kila jioni kabla ya kula, na sala yake haibadiliki. Anawaombea wagonjwa, ananiombea mimi nipate mume, hapo huwa nakohoa, kisha anamalizia kwa sauti ya chini: "Na mwanangu, Bwana, umsamehe damu ya yule mlinzi." Sisi tunaitikia amina. Radi ndiye alikuwa anaitikia kwa nguvu kuliko wote, kwa ile sauti yake ya jukwaani. Kisha akaacha. Sikumbuki ni lini hasa, ila nilimwona anafumba mdomo na kuikodolea macho sahani. Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamvaa jikoni.

"Siku hizi amina imekuwa nzito?"

"Imekuwa nzito, dada."

"Mama anakulisha, anakufulia, anakukumbusha dawa zako. Neno moja tu la kumwombea ndugu yangu ndilo limekushinda?"

Alichukua kikombe akaanza kukiosha, na kikombe chenyewe kilikuwa kisafi. Nikatoka nikimwita mnafiki, na wala si kimoyomoyo.

Kanisa letu ni ukumbi wa bati uliokuwa karakana ya useremala. Viti ni vya plastiki na mwangwi wake ni balaa, ukizidisha sauti kidogo tu maneno yanarudi na kufukuzana. Mchungaji si mtu mbaya, ila anapenda viti vijae. Alipogundua kwamba yule mzee wa kiti cha nyuma ni Radi wa enzi zile, usingizi ukampotea. Akatangaza Jumapili ya ushuhuda. Mabango yakabandikwa mpaka kituo cha basi. Muumini mmoja mwenye maduka akaahidi kumgharamia Radi arekodi albamu ya nyimbo za injili. Watu wa redio wakaalikwa. Radi akakatwa nywele, akashonewa suti.

Jumamosi mchana tulifanya mazoezi. Radi alisimama jukwaani akaupitia ushuhuda wake wote: pombe, madawa, wanawake, zahanati, kisha Mungu. Ajali nayo ilikuwamo, sentensi moja: "Nikampoteza rafiki yangu mpendwa barabarani." Kwaya wakafuta machozi. Mimi nilikuwa napambana na mwangwi huku najiambia, huyu bado ni msanii, amehama ukumbi tu.

Mama alikuwa amekuja kutazama. Alikaa mbele kabisa, mkoba mapajani, akimtazama Radi vile mama anavyomtazama mwanawe siku ya mahafali. Hapo nikaingiwa na hofu. Mtoto wake mmoja yuko kaburini, wa pili ndiye mimi na mdomo wangu huu. Huyu mzee ndiye aliyemrudishia kicheko. Kama angerudia chupa, au akachukua albamu yake akaondoka bila kugeuka nyuma, Mama asingeinuka tena. Nilimfuata Radi nyuma ya jukwaa nikamwambia hivyo hivyo, waziwazi.

"Ukimvunja moyo Mama, nitakuvunja na ule mkono mwingine."

Akanitazama, macho yamejaa maji. "Nami hilo ndilo ninaloliogopa," akasema. Nikadhani anaogopa mkono.

Jumapili watu walifurika. Wengine walisimama madirishani. Mimi nipo nyuma kabisa kwenye meza yangu, naona migongo ya watu wote na jukwaa lote. Mimi na Mchungaji tuna ishara zetu: akiinua kidole ninaongeza, akishusha ninapunguza, akipitisha kiganja shingoni ninazima. Sijawahi kumkaidi, kwa sababu kwenye kazi hii ukianza kubishana na mtu wa jukwaani, mtaumbuka wote.

Radi akaanza. Pombe, sawa. Wanawake, watu wakacheka kidogo. Akafika kwenye ile sentensi yake. "Nikampoteza rafiki yangu mpendwa barabarani," akasema, kisha kimya. Nikadhani kipaza sauti kimekata. Nikatazama taa yake, inawaka. Nikagusa waya, uko sawa. Nikainua macho, nikamwona amekishika kwa mikono miwili.

"Hapana," akasema. "Sikumpoteza. Nilimuua. Mimi ndiye niliyekuwa naendesha lile gari."

Nawaambia, sikuelewa. Masikio yalisikia, kichwa kikakataa kupokea. Nilitazama vitufe vyangu nikitafuta kosa, haki ya Mungu, nikidhani mitambo ndiyo imesema.

"Mlinzi nilimgonga mimi," akaendelea. "Aliyekuwa amelewa ni mimi. Nilipotoka kwenye gari nikaona rafiki yangu hapumui, nikawaza, huyu hatafungwa tena. Nikawaambia polisi ni yeye. Nilikuwa na jina kubwa, niliogopa kulipoteza. Na jina lenyewe nimelipoteza hivyo hivyo."

Mchungaji akasimama. Akanigeukia, akapitisha kiganja shingoni. Nikamwona. Akapitisha tena, kwa haraka. Watu mpaka leo wananisifu eti nilikuwa jasiri, nikakataa kuzima. Ujasiri gani jamani. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, nisingeweza kuzima hata taa ya chumbani.

"Mama yake yuko hapa," Radi akasema. "Ndiye aliyeniokota nje ya zahanati. Ndiye aliyenifundisha kusali. Kila jioni anamwomba Mungu amsamehe mwanawe kwa kosa langu mimi, nami nipo pale pale mezani, nimeshika kijiko chake, naitikia amina. Mwanzoni haikunisumbua. Sikuamini kama kuna anayesikiliza, nilikuwa naitikia kama mtu anavyoitikia salamu. Kisha nikaamini. Sijui niseme vipi. Siku moja nilikuwa nimefumba macho kama kawaida, nikajua kabisa kwamba yupo, anasikia, na anasikia mimi ninavyosema. Tangu siku hiyo amina haikutoka tena. Nimemwomba Mungu msamaha, nimeomba mpaka magoti yameota sugu. Na kila nikiomba ni kama ananiuliza, na huyu mama je, umeshamwambia?"

Akashuka jukwaani. Kipaza sauti bado anacho mkononi, nadhani alishakisahau. Akapiga magoti mbele ya kiti cha Mama, na yote yaliyosemwa pale yalipita kwenye spika zangu, ukumbi mzima ukasikia.

Mama hakulia. Kutoka nyuma niliona mgongo wake tu, umenyooka. Akauliza jambo moja.

"Yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa amelala, Mama. Vidole vilikuwa vimemkaza, akavibana kwapani ili vipate joto. Alilala kabla hatujatoka kwenye lango la ukumbi."

"Hakuamka?"

"Hakuamka."

Hapo ganzi ikaniachia, na hasira ikachukua nafasi yake. Vidole. Nilivisema mimi vile vidole, nikavisema polisi, nikavisema nyumbani, na huyu mtu alikuwa anajua. Amelala kwenye kitanda cha kaka yangu, amejifunika blanketi lake, na anajua. Niliruka viti. Sijui nilikuwa nakwenda kumfanya nini, ila kizuri kisingekuwa. Wanaume wawili wa kwaya walinidaka njiani, nikamng'ata mmoja mkono, na baadaye nilimwomba radhi.

Radi hakukwepa wala kujikinga. Alisema tu, "Mwacheni aje." Ndivyo alivyonimaliza nguvu. Ningemkuta anajitetea, ningejua pa kushika.

Mchungaji naye alikuwa amefika mbele. Alijaribu kusema kwamba mambo haya ni mazito, tukae ofisini, tuombe kwanza, watu wa redio wazime vinasa sauti vyao. Mama akainuka, akaweka mkoba wake begani.

"Mchungaji, tumeomba vya kutosha," akasema. "Wewe Radi, simama. Twende."

"Polisi, Mama?" Radi akauliza. "Nilipanga kwenda mwenyewe."

"Polisi hawahami. Kwanza kwa mjane wa yule mlinzi."

Tukatoka. Mama mbele, Radi nyuma yake na suti yake mpya yenye vumbi magotini, mimi nyuma ya Radi nikimchunga kama mfungwa. Watu walibaki wamesimama mlangoni mwa kanisa, hakuna aliyethubutu kutufuata. Mama alipita katikati ya soko, ile njia ambayo huwa anaizunguka. Magoti yalikuwa yanamuuma, nilijua kwa mwendo wake, lakini hakupumzika popote.

Yule mjane anapiga pasi nguo za watu, kazi aliyoianza baada ya mumewe kufa. Alikuwa barazani, meza mbele yake, rundo la mashati pembeni. Alipomwona Mama anakuja moja kwa moja kwake, alibaki na pasi mkononi. Kwa miaka yote ile hawakuwa wamesimama karibu hivyo.

"Shikamoo, dada," alisema mwisho, kwa mazoea tu, kwa sababu Mama ni mkubwa kwake.

"Marahaba. Nimekuletea mtu," Mama akasema. Akamgeukia Radi. "Sema."

Radi akasema. Safari hii hakuwa na kipaza sauti wala watu wa kumtazama, na maneno yalimtoka kwa shida, sentensi zinakatika. Aliposema "nilimgonga mimi," yule mjane aliiweka pasi juu ya shati la mtu na kuisahau. Shati likaanza kuungua. Mimi ndiye niliyeichomoa pasi kwenye umeme, kwa sababu mikono yangu ilikuwa inatafuta kazi.

Mjane alikaa kwenye kiti chake. Alimtazama Radi, nikangoja amtukane, amrushie ile pasi, apige mayowe mtaa ujae. Nilikuwa tayari kumsaidia. Lakini alimwacha Radi, akamgeukia Mama.

"Ulikuja hapa," akasema. "Siku ile. Ulikuja kuniomba msamaha."

"Nilikuja."

"Nikakufungia mlango. Nikakwambia umezaa mnyama."

Hilo sikuwa nalijua. Mama alituambia amefungiwa mlango, basi. Miaka yote amelibeba neno hilo peke yake, akizunguka nalo soko zima, na mimi namfokea kwamba anazunguka bure.

"Ulikuwa na uchungu," Mama akasema.

"Na mwanao alikuwa amelala."

"Alikuwa amelala."

Yule mjane akajifuta uso kwa pindo la kanga yake. Alijifuta tena, na tena. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitarajia hata kidogo.

"Alikuwa anaitwa nani? Sikuwahi kulitaja jina lake nyumbani humu. Wanangu niliwakataza."

Na Mama, ambaye tangu mazishi hakuwahi kulitaja jina la mwanawe hata kwa kunong'ona, alilitaja jina lote. La kwanza, la baba, na la ukoo. Alilisema kwa sauti kubwa mpaka jirani upande wa pili akafungua dirisha. Yule mjane akalirudia polepole, kisha naye akalitaja la mumewe. Wakakaa pale barazani wanalia, wazee wawili, kila mmoja kwenye kiti chake, bila kushikana. Mimi nilisimama na waya wa pasi mkononi. Nililia pia, sioni haya.

Radi alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa kati ya magoti. Hakuna aliyemwambia neno la faraja na hakuliomba. Midomo yake ilikuwa inacheza, anasali, na kwa mara ya kwanza sikumwita mnafiki.

Mama aliponyanyuka, magoti yalimkatalia. Radi akaruka kumshika mkono, kama alivyozoea kumshika kila siku.

"Usinishike," Mama akasema.

Radi akaurudisha mkono wake. Mama alishuka ngazi mwenyewe, moja baada ya nyingine, akiegemea ukuta. Alipofika chini alijitengeneza nguo, akamtazama Radi pale juu alipokuwa amesimama.

"Haya, teremka, twende polisi," akasema. "Sitaki unishike. Lakini nitakusindikiza."